Gari la Tejas na Tangazo la "Hasa Akina Shangazi"

Jasumati Kotecha,
Nyumba ya kona yenye mlango wa bluu,
Edison, New Jersey.
Jumatano, baada ya kuosha vyombo.

Kwa Katibu wa Kamati ya Hekalu, Bwana Harshad Trivedi.

Yah: Tangazo mlilobandika kwenye mlango wa maegesho, naomba liondolewe

Ndugu Katibu,

Salamu nyingi kwako na kwa kamati nzima, na pole na goti. Mkeo aliniambia Ijumaa pale duka la viungo kwamba daktari amekukataza kukaa chini kwenye zulia, sasa unasali kwenye kiti kama abiria. Kaa tu, kaka Harshad, usione haya. Sisi hapa wazima. Mume wangu Kantilal anakusalimu, yuko mbele ya televisheni, hajui kama ninaandika, na naomba usimwambie.

Mimi si mtu wa barua. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu siku hiyo nimeandika orodha za sokoni tu. Lakini Jumapili nimefika na sinia langu la maua, nikakuta lile tangazo. Nimelisoma mara tatu. Mara ya tatu nililisoma kwa sauti, na watu waliokuwa nyuma yangu wakaacha kuongea wote kwa pamoja, kitu ambacho kwenye hekalu letu hakijawahi kutokea hata wakati wa sala. Nalinakili hapa, usije ukasema Jasu kaongeza chumvi:

"Kuanzia leo, magari yenye rangi isiyong'aa hayatapakwa manjano wala unga mwekundu kwenye boneti. Alama ya baraka itachorwa kwenye kioo. Waumini, hasa akina shangazi, wanaombwa wasijaribu kufuta kitu chochote kwenye gari la mtu mwingine."

Hasa akina shangazi! Hekalu letu lina mashangazi wangapi waliowahi kufuta gari la mtu? Mmoja. Mngeandika tu jina langu na namba ya simu, tukajua moja.

Basi nayapanga malalamiko yangu kwa namba, maana Kantilal anasema nikiongea bila namba sifiki mwisho.

1. Kwanza kabisa, ile si rangi.

Unamjua Tejas, mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye niliyempa jina, siku ya sita, kama shangazi anavyotakiwa, na wote mlikula peremende zangu. Nilichagua Tejas kwa sababu maana yake ni mng'ao. Nilikuwa na majina matatu, nikaona hili ndilo. Sasa mtoto niliyemwita Mng'ao amefikisha miaka thelathini na moja, ana kazi nzuri ya kompyuta, anaoa, akaenda akanunua gari jipya la kijivu ambalo halina mng'ao hata wa dawa. Linafanana na risasi ya penseli. Linafanana na tembo aliyejipaka vumbi.

Alipolileta nyumbani nilitoka na chai mkononi, nikalizunguka, nikamwambia, "Hongera sana mwanangu. Linaenda kupakwa rangi lini?"

Akasema, "Shangazi, hii ndiyo rangi."

Nikamwambia, "Hii ni ya chini, ile ya kwanza. Nauliza ya juu."

"Hakuna ya juu. Ndivyo ilivyo. Tena watu wanalipa zaidi ili ising'ae."

Wanalipa zaidi ili ising'ae! Nikamwambia basi mwanangu ungeniambia mapema, jikoni nina sufuria kumi na moja za namna hiyo, hasa ile niliyounguzia dengu, ningekupa bure. Kantilal akacheka mpaka akapaliwa. Tejas hakucheka. Hapo ndipo nilipotakiwa kujua kwamba ile rangi inaingia mpaka moyoni.

2. Masharti yake.

Kaka Harshad, gari hili lina kijitabu, na yule mtoto ambaye sijawahi kumwona akimaliza hata aya moja ya sala, kijitabu hicho anakijua kwa kichwa. Haliwekwi nta. Halipigwi polishi, hata ya jina. Haliingii kwenye mashine ya kuoshea magari, ile tunayopita sote mimi na wewe kwa furaha, na mabrashi yakitupigia kioo. Linaoshwa kwa mkono, kivulini, likiwa limepoa, kwa ndoo mbili. Kwa nini mbili? Moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa, ili uchafu usirudi. Na sabuni yenyewe ni ya kwake peke yake, isiyo kali, na kitambaa ni cha nyuzi laini, ambacho nilikigusa nikakuta ni laini kuliko shuka nililozalia. Halafu halisuguliwi. Linaguswaguswa. Ukilisugua, linang'aa pale uliposugua, na likishang'aa halirudi.

Rudia hapo, kaka. Rangi ambayo ukiisafisha vizuri ndiyo umeiharibu. Mimi nimeolewa miaka thelathini na minne na sijawahi kuona kitu chenye hasira za kijinga namna hiyo, na nyumba moja niliishi na mama mkwe.

Na ndege! Ndege akilidondoshea, unayo dakika, si masaa. Unaweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu yake, unasubiri kinyesi kilainike, unainua taratibu kama unamfunua bi harusi. Mwezi uliopita Tejas alikuwa mezani kwangu, nimemkaangia chapati zangu za majani ya uwatu, ameshika ya kwanza, mara akasikia ndege analia nje. Akaruka. Aliacha chapati. Mtoto huyu chapati zangu za uwatu alizila siku ya msiba wa baba yake, na siku ile hakuacha hata moja.

Ukiligusa kwa kidole, mafuta ya kidole yanabaki. Ukiliegemea, sari yako imelikwaruza. Nilimuuliza, "Mwanangu, kuna njia yoyote halali ya kulitazama?" Akasema, "Kwa mbali, shangazi." Na alikuwa hatanii.

3. Siku yenyewe ya tukio, kama ilivyotokea, si kama mlivyosimuliwa na yule Nirupa wa upande wa mama yake Tejas.

Gari jipya linabarikiwa. Hilo halina mjadala. Mimi nilimbembeleza wiki tatu: mwanangu, siku zimebaki chache uoe, utaliendesha gari bila baraka kwenye barabara kuu ya hapa, penye watu wanaendesha huku wananyoa ndevu? Akakubali. Jumapili ile iliyotangulia tangazo lenu akaja, tena kavaa vizuri. Nazi niliileta mimi. Ndimu nne za kuwekwa chini ya matairi nilizileta mimi, kubwa, za kijani. Manjano niliyachanganya mimi na samli, nyumbani, asubuhi.

Maharaji, kuhani wetu, akatoka na sinia, akachovya kidole. Tejas akasema, "Maharaji, naomba uchore kwenye kioo."

Nikamwambia, "Kioo kinafutwa na waipa. Mvua ikinyesha tu, baraka imeenda upande wa kushoto, imerudi upande wa kulia, imekwisha."

Akasema, "Shangazi, tafadhali."

Nikamwambia Maharaji, "Chora."

Maharaji akamtazama yeye, akanitazama mimi. Yule ni mtu mwenye busara, amekula chakula changu miaka kumi na tisa. Akachora kwenye boneti, katikati, alama nzuri ya njano yenye nukta zake nne, ya ukubwa wa chapati. Nazi ikapasuka safi kwa pigo moja. Ndimu zikapasuka zote nne. Ilikuwa baraka ya kuandikwa, kaka Harshad, na aliyeiharibu si mimi.

Tejas akaitazama ile alama. Uso ukawa kama gari lake. Akaingia ndani kuchukua tende na zabibu za sadaka. Mimi nikabaki pale nje na roho inaniuma, nikajisemea, Jasu, mtoto amenuna, na Mungu ameshaiona alama, haina haja ya kukaa mpaka jioni. Nikapangusa. Kidogo tu. Kwa ncha ya sari, kama mtu anavyompangusa mtoto mdomo.

Manjano yakatoka. Na chini yake, mbele ya macho yangu, ikatokea duara inayong'aa! Nikafurahi. Naapa nilifurahi. Nilidhani nimeifikia ile rangi ya kweli ambayo wale wauzaji walimficha.

Tejas akatoka na tende mkononi. "Shangazi, umefanya nini?"

"Nimekusaidia mwanangu. Tazama inavyong'aa!"

"Ndiyo ninachotazama, shangazi! Inang'aa!"

Halafu akasema mbele ya watu, na Nirupa akiwa wa kwanza kati ya watu, na mkono kashika kiuno, "Usiliguse tena gari langu. Wala usilikaribie." Tende hakunipa. Alizishika tu, akaingia nazo garini.

4. Fundi.

Mnajua alikwenda kwa fundi wa rangi siku iliyofuata, maana nina uhakika Nirupa amewaletea habari kabla fundi hajavua glavu. Fundi akasema rangi hii haina kiraka. Ingekuwa ya kung'aa, angesugua, angepaka kidogo, mambo yakaisha kabla ya chakula cha mchana. Hii, ukigusa kipande, lazima upake boneti nzima upya, na kuagiza rangi na kuipaka na kuiacha ikauke ni wiki tatu. Harusi ni Jumamosi ijayo.

Na fundi huyohuyo akasema tena, Tejas mwenyewe alimwambia Kantilal kwenye simu: lile doa la njano kama lingeachwa juani siku chache lingefifia lenyewe. Jua linayala manjano. Kumbe! Basi naiuliza kamati: hilo ni kosa langu au ni kosa la jua lililochelewa?

5. Na hapa ndipo panaponiuma, kwa hiyo naomba uvae miwani.

Bwana harusi akienda kumchukua mke, nyuma yake kwenye gari anakaa dada yake, ameshika kile kijungu kidogo cha shaba chenye sarafu na choroko, na anakitikisa juu ya kichwa chake njia nzima ili jicho baya likisikia kelele lisikaribie. Tejas hana dada. Baba yake hayupo, mama yake yuko kitandani tangu kiharusi na mkono haumtii. Aliyebaki ni mimi. Kijungu ninacho. Nilikitikisa juu ya kichwa cha baba yake mimi nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye gari la kukodi lililokuwa na mlango mmoja wa rangi tofauti, na halikuwa na kijitabu, na ndege walilidondoshea njia nzima, na ndoa ile ilidumu mpaka kifo.

Tejas amenitumia ujumbe Jumapili jioni. Si kupiga simu, ujumbe. "Shangazi, wewe utakuja na mzee Kantilal. Kwenye gari atakaa Nirupa." Na chini yake, kaka Harshad, picha ya tangazo lenu, kaipiga pale mlangoni, kanitumia kama hati ya mahakama.

Nirupa! Mke wa mjomba wake! Mwanamke ambaye kucha zake ni ndefu kiasi kwamba simu anaipokea kwa goti la kidole. Atakitikisa nini? Atakishika kile kijungu kama mtu aliyeokota panya. Na jicho baya la Edison si la mchezo. Lenyewe linakaa safu ya tatu pale hekaluni, halafu linakuja kuniomba mapishi.

Kwa hiyo mnaona sasa. Nyinyi mliona mnaandika habari za maegesho. Mlichoandika ni nani akae nyuma ya Tejas.

6. Mambo yanakoelekea.

Tusidanganyane, hili haliishii kwenye boneti. Siku moja kabla ya harusi, bwana harusi anapakwa manjano. Uso, shingo, mikono, miguu mpaka katikati ya vidole. Nani anampaka? Hasa akina shangazi. Sasa kama manjano yanaharibu kitu cha thamani, mtu mwenyewe je? Nimemtazama Tejas vizuri, na yeye pia siku hizi hang'ai. Je, nije na ndoo mbili? Nimguseguse kwa kitambaa laini, kivulini, akiwa amepoa? Au Maharaji ampake kwenye miwani?

Na bibi harusi, Avni, msichana mzuri sana, anacheka na kila mtu. Akifika nyumbani atachovya viganja kwenye unga mwekundu na kupiga chapa ukutani, kama sote tulivyofanya. Kesho kutwa mtabandika tangazo: chapa zipigwe dirishani. Halafu nazi ipasuliwe kwa simu. Halafu moto mtakatifu maharusi wauzunguke kwa mbali, huko maegesho.

Na shaba? Naomba niulize kuhusu shaba. Kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa mikono hii inasugua taa zenu thelathini na mbili, na kengele, na sinia, na yule ng'ombe mdogo wa mlangoni ambaye watoto wanamshika pua. Nasugua kwa ile dawa ya shaba ya kopo la bluu mpaka najiona mwenyewe ndani ya kila taa, na pua yangu jinsi ilivyo. Hakuna aliyewahi kubandika tangazo la asante. Sasa ninyi mmeamua, kwa maandishi na muhuri, kwamba kung'aa ni kuharibika. Sawa. Mimi ni mtu mtiifu. Kuanzia kesho sitasugua. Zitakuwa kijani mwezi wa kwanza, nyeusi mwezi wa tatu, na hapo zitakuwa zimefikia kiwango cha gari la Tejas. Wageni wakiuliza, waambieni mmelipa zaidi. Na msisahau kuzitazama kwa mbali.

7. Ninachoomba.

Naomba tangazo liondolewe kabla ya Jumamosi, na Tejas aione kwa macho yake nafasi tupu pale lilipokuwa. Kama lazima kuwe na tangazo, liandikwe hivi: magari ambayo hayajamaliza kupakwa rangi yasiletwe hekaluni. Hiyo ni haki kwa wote.

Naomba pia kamati imwite Tejas, imweke kitako, wewe kwenye kiti chako na yeye chini, na imweleze kwamba duara ile haikumuua mtu. Nimeshamwambia kuna yule farasi mweupe wa kukodi anayeletwa kutoka Pennsylvania na lori. Farasi unampaka manjano, unampaka nyekundu, unamwekea maua, unamgonga mgongoni, anakula na ndimu. Na anang'aa! Akaniambia, "Shangazi, farasi hana kiti cha nyuma." Nikamwambia dengu zinaungua nikakata simu, maana hapo alinipata.

Na mkishindwa na hayo yote, naomba basi kamati iandike barua kwa ndege wa wilaya hii, kwa heshima zote, iwaombe wadondoshe kwenye kioo.

Nakomea hapa kwa sababu mkono umekufa ganzi na dengu zinachemka. Nisalimie mkeo, mwambie lile bakuli langu lenye mfuniko wa kijani sijalisahau. Nisalimie Maharaji, hana kosa. Mweka hazina umsalimie tu kwa kichwa. Wasalimie akina mama wa jikoni wote, na yule bwana wa viatu mlangoni, aliyekuwa mtu pekee Jumapili aliyeniambia, "Pole, dada Jasu." Nirupa hana haja ya salamu, barua hii ataisoma kabla yako.

Mimi niliyeumizwa, ambaye bado anawapenda,

Jasumati Kotecha (Jasu)
Shangazi

Nyongeza, Ijumaa asubuhi.

Kaka Harshad, sikupata bahasha siku ile, na barua imefika kurasa saba, siwezi kuitupa. Lakini mambo yamesogea kidogo, naomba uisome na hii.

Jana asubuhi mlango ukagongwa, nikafungua, Tejas. Amesimama mkono mmoja nyuma kama alivyokuwa akisimama akivunja kikombe. Akasema, "Shangazi, kwenye maegesho ya nyumba ninayokaa kuna mti, na kwenye mti kuna ndege. Wewe una gereji. Liwekwe hapa mpaka Jumamosi?" Nikamwambia gereji ina gari la Kantilal. Akasema, "La mzee linang'aa, halidhuriki." Kantilal akalitoa nje bila hata kuvaa viatu.

Halafu nikakiri. Ilibidi. Alikuwa ameshakaa mezani, na nisingeweza kumlisha uwatu juu ya uongo. Na wewe nakukiria sasa hivi, maana kitu hicho ni chenu. Kule kupangusa kidogo kwa ncha ya sari, hakukuwa kidogo, wala haikuwa sari. Manjano yalipokataa nilikwenda kwenye kabati la hekalu nikachukua kopo la bluu la dawa ya shaba na lile tambara langu la Alhamisi, nikaisugua boneti kama ninavyosugua kengele. Kwa mikono miwili. Ilipoanza kung'aa ndipo nikaongeza nguvu. Maharaji aliniona dirishani na akavuta pazia, Mungu ambariki.

Tejas alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akasema, "Shangazi, fundi alijua ni dawa ya shaba kwa harufu. Mimi nilijua kabla ya fundi." Alijua wiki nzima! Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uje uniambie." Akachukua chapati ya tano. Ndege akalia nje. Akageuza shingo, akakumbuka kwamba gari liko ndani, akaendelea kula.

Kijungu nitatikisa mimi. Avni amemwambia kwamba mtikiso wa Nirupa aliusikia kwenye mazoezi na ni kama mtu anatafuta funguo ndani ya mkoba. Na duara itafunikwa na maua, ambayo, nakufahamisha, hayabandikwi kwa gundi ya karatasi hata siku moja, gundi inang'oa roho ya rangi. Yanafungwa kwa utepe laini kutoka kioo cha pembeni upande huu hadi cha upande ule. Mimi nimeshakata utepe.

Funguo za gari nimeachiwa mimi. Jana jioni nimelipangusa, ndoo mbili, na sabuni yake ile isiyo kali, kwa kugusagusa tu. Kaka Harshad, usimwambie mtu, lakini mwanga ukipita dirishani linakuwa kama mgongo wa njiwa. Nilivuta kiti nikakaa nalitazama. Kwa mbali.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Saa mbili leo asubuhi nimesikia mlango wa gereji, nimechungulia, nani? Nirupa, na sinia. Amekuja na manjano mabichi, kidole kimeshachovywa, ati baraka ilifutwa kwa hiyo lazima irudiwe pale pale kwenye boneti. Nilipiga ukelele mpaka Kantilal akazima televisheni. "Nirupa! Usiguse! Weka kwenye kioo!"

Akasimama na kidole hewani. "Lakini dada Jasu, si wewe uliyesema kioo kinafutwa na waipa?"

Nikamwambia, "Hilo nililisema kabla sijapewa funguo."

Kwa hiyo naomba tangazo msiliondoe. Liandikeni upya kwa herufi kubwa zaidi, mnipe na nakala moja ya mlango wa gereji, leo ikiwezekana. Taa zenu nilizisugua jana kama kawaida, mtakuwa mmeona. Na pale penye "hasa akina shangazi" badilisheni kidogo tu, pasomeke: hasa wake wa wajomba.

J.